Bunduki Hiyo Haijazaliwa Bado

Nyumbani kwangu limepitishwa sharti kwamba filamu ya vita ikianza, mimi nafunga mdomo mpaka majina ya waigizaji yaanze kupanda. Sharti lilitungwa na mke wangu, likaungwa mkono na watoto, na likapigiwa makofi na mpwa wangu, ambaye alikuja kututembelea kwa wiki moja na mpaka leo begi lake liko sebuleni. Kosa langu eti ni ujuaji. Mtu akitokea kwenye skrini amebeba bunduki ambayo katika mwaka wa hadithi hiyo bado haijatengenezwa popote duniani, mimi husema, tena kwa upole tu: "Hiyo haijazaliwa bado." Mke wangu hunigeukia. "Baba Hadija, watu wanakufa humo, wewe unaangalia mbao?"

Naangalia mbao, ndiyo. Na chuma. Kila mtazamaji ana pake. Kuna wanaotazama sura, kuna wanaotazama magari, mpwa wangu hutazama simu kisha huuliza nani kafa. Mimi macho yangu hukimbilia mikononi mwa askari kabla sijajua jina lake wala upande anaoupigania. Na watu wasije wakanifikiria vibaya: sina bunduki, sitaki bunduki, na ile niliyokabidhiwa JKT niliirudisha ghalani bila kuagana nayo. Ninachofuata mimi ni tarehe. Bunduki ya kijeshi, tofauti na binadamu wengi ninaowajua, haiwezi kuficha umri wake. Jeshi liliipitisha mwaka fulani, kiwanda kikaipa umbo fulani, na umbo hilo linaonekana hata kwenye televisheni ya inchi 14 yenye mistari.

Chukua Zulu, filamu ya mwaka 1964 ya Cy Endfield, ambayo kwa wengi wa rika langu ndiyo ilikuwa darasa la kwanza la vita. Inasimulia mapigano ya Rorke's Drift, tarehe 22 na 23 Januari 1879, ambapo askari wa Kiingereza wapatao 150 walijifungia kwenye kituo cha misheni wakazuia maelfu ya wapiganaji wa Kizulu. Watengenezaji hawakuwa wavivu. Walikwenda Natal kwenyewe, chini ya milima ya Drakensberg, na nafasi ya Mfalme Cetshwayo wakampa Mangosuthu Buthelezi, ambaye mama yake mzazi alikuwa mjukuu wa Cetshwayo mwenyewe. Sasa mtu aliyefika hatua ya kumtafutia mfalme mwigizaji kutoka katika kizazi chake, unatarajia na bunduki nazo ziwe na nasaba.

Nyingi zinayo, nisiwe mchoyo wa sifa. Askari wengi wameshika Martini-Henry, na kwa yeyote anayetaka kuambukizwa ugonjwa huu wangu, hiyo ndiyo ya kuanzia, maana hata mtoto ataitambua. Haina komeo. Haina magazini. Chini yake, nyuma ya mahali kidole kinapofyatulia, kuna wenzo mrefu wa chuma. Askari anausukuma chini, kizibo cha nyuma ya mtutu kinashuka, ganda la risasi iliyopigwa linaruka nje, anatia risasi nyingine kwa mkono, anarudisha wenzo juu, anapiga. Halafu tena. Jeshi la Uingereza liliipitisha mwaka 1871, na aliyeizoea aliweza kufikisha risasi kama 12 kwa dakika, ikiwa bega lake lilikuwa bado liko mahali pake, kwa sababu bunduki hiyo ilikuwa na teke. Mtutu nao ulipata moto kiasi cha askari kuuzungushia ngozi ya ng'ombe ili waweze kuushika. Ukiona bunduki ya namna hiyo mkononi mwa mwenye koti jekundu mwaka 1879, kaa, kunywa chai yako, mambo ni shwari.

Neno linaanza pale maofisa wanapochomoa bastola. Luteni Chard na Luteni Bromhead, mwaka huo huo wa 1879, wanapigana kwa Webley Mark VI. Webley Mark VI ilipitishwa mwaka 1915! Ni bastola ya Vita Kuu ya Kwanza. Bromhead alifariki mwaka 1891, Chard akamfuata mwaka 1897. Mabwana wale walikwenda kaburini bila kuiona hata picha ya silaha ambayo filamu inadai iliwaokoa. Kisha mwishoni, safu za makoti mekundu zinapopiga kwa zamu, mmoja anapiga goti, mwingine amesimama, tazama kwa makini huko nyuma: wamo wenye bunduki za komeo za jamii ya Lee, ambazo jeshi hilo lilianza kuzipokea mwaka 1888. Inaelekea Martini hazikutosha wote, na aliyepanga waigizaji akasema hao wa nyuma nani atawaona. Mimi nimewaona.

Hata hivyo hayo ni madogo. Kubwa ni lile la kilimani. Filamu inaonyesha Wazulu wakipiga kutoka juu ya kilima kwa Martini-Henry walizoziteka kwenye pambano la Isandlwana siku ile ile. Ni kweli kwamba pale Isandlwana Waingereza walipoteza Martini zipatazo 1,000. Ila waliokwenda Rorke's Drift walikuwa kikosi cha akiba ambacho hakikuingia katika pambano kuu la Isandlwana, na bunduki walizokuwa nazo zilikuwa za kushindilia, za zamani, zilizopatikana kwa wafanyabiashara. Gobore tu, ndugu msomaji, za aina ambayo babu zetu waliifahamu vizuri. Mtu wa gobore, amelala juu ya mwamba na baruti ya wasiwasi, anamlazimisha mwenye Martini ainamishe kichwa nyuma ya magunia ya mahindi usiku kucha. Hiyo ndiyo hadithi, tena tamu. Filamu ikampokonya gobore lake, ikampa bunduki ya Mwingereza, halafu ikamfanya Mwingereza alalamike kwamba anapigwa kwa bunduki yake mwenyewe.

Inasimuliwa kwamba binti za Henry Hook, askari ambaye filamu ilimwonyesha akiwa mlevi na mkwepa kazi ilhali mwenyewe hakuwa mnywaji, walitoka ukumbini kwa hasira siku ya maonyesho ya kwanza. Walikuwa na haki kabisa. Gobore lile halikuwa na binti wa kulitetea, ndiyo maana kazi hiyo nimejitwisha mimi.

Halafu moshi uko wapi? Hili nalo linanikera, na linamkera mke wangu zaidi kwa sababu nalirudia. Mpaka mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipopata baruti isiyo na moshi, na mpaka mwaka 1886 jeshi la nchi yake lilipoitumia katika bunduki ya Lebel, majeshi yote duniani yalipiga kwa baruti nyeusi. Baruti nyeusi ni moshi kwanza, risasi baadaye. Safu ya askari 100 ikipiga kwa pamoja, mbele yao panageuka tanuri la mkaa lililobomoka: peupe, pazito, pananuka, na mpigaji hajui kama aliyempiga kaanguka au anamjia. Anasubiri upepo. Karibu vita vyote vya karne ya 19 vilipiganwa na watu wanaosubiri upepo. Kwenye filamu moshi hutoka kidogo, kwa adabu, ukaondoka haraka ili tuione sura ya mwigizaji, maana huyo kalipwa pesa nyingi na sura yake iko kwenye mkataba.

Wamarekani ndio waliozidi. Hawa wameigeuza tarehe kuwa kitu cha kuchagua, unatia ukipenda. The Searchers, filamu ya John Ford ya mwaka 1956 ambayo wataalamu huiweka juu kabisa miongoni mwa filamu za ng'ombe na vumbi, inaanza Texas mwaka 1868. Yanaandikwa kwenye skrini, kwa herufi kubwa, Texas na mwaka wake, kusudi mtu asije akasema hakuambiwa. Anatokea John Wayne, kiunoni Colt ya mwaka 1873, mkononi Winchester ya mwaka 1892. Mtu anatoka vitani na silaha mbili, na zote mbili hazipo! Sababu yake ni ya kiduka tu: Winchester ya 1892 ilikuwa nyepesi, imara, imejaa kwenye maghala ya kukodisha silaha za filamu, na risasi baridi, zile zenye mshindo bila chuma, zilizotengenezwa kwa ajili ya Hollywood ziliingia humo na kwenye Colt pia. Mwenye ghala akipata bunduki ya namna hiyo, hakuulizi hadithi yako ni ya mwaka gani. Anakuuliza unazirudisha lini.

Lakini kuna ujanja wa hao hao Wamarekani ambao, lazima niseme, nauvulia kofia. Gumegume halisi ni balaa kwenye kazi ya filamu. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia risasi, unachomoa mdeki, unashindilia, unarudisha mdeki, unatia baruti nyingine kidogo kwenye kisahani cha pembeni, unaomba Mungu mvua isinyeshe, ndipo unapiga. Sasa una watu 200 wa kukodi, jua linazama, na nusu yao wamepoteza mideki. Studio za zamani zikafanya hivi: zikachukua bunduki za Springfield za miaka ya 1870, ambazo jeshi la Marekani lilikuwa limeziuza kwa bei ya kutupa, zikapachika ubavuni jiwe na nyundo za bandia, zikaziita gumegume. Springfield hiyo ina kifuniko juu, nyuma ya mtutu, chenye bawaba. Unakifunua, unatia risasi baridi, unakifunga, unapiga, na mkurugenzi anakwenda kula. Kwa hiyo ukiona filamu ya zamani ya maharamia au ya vita vya uhuru vya Marekani, usihangaike na ubavu wa bunduki, huko ndiko ulikopangiwa utazame. Tazama juu. Ukiona bawaba, umewakamata.

Na msidhani ukikimbilia angani utapumzika. Siku moja vijana waliweka Star Wars, ile ya kwanza ya mwaka 1977, wakasema, "Leo mzee atatulia, humu hamna bunduki za zamani." Wakatokea vile vijitu vifupi vya jangwani vyenye majoho na macho ya kung'aa, Jawa, mmoja kainua silaha yake, nami nikainuka kwenye kochi. Lee-Enfield! Imekatwa mtutu, imekatwa kitako, imevishwa kikombe mdomoni, lakini mbavu zile nazijua. Ni kaka wa ile ambayo huku kwetu imezoeleka kwa jina la Mark 4. Askari wenye magamba meupe wamebeba Sterling ya jeshi la Uingereza. Han Solo kiunoni ana Mauser ya mwaka 1896 iliyobandikwa darubini. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, hii siyo vita ya Waingereza na Wajerumani." Nikamjibu kwamba Waingereza na Wajerumani hawakufika huko, bunduki zao zimefika. Ila filamu ile sina ugomvi nayo. Haikutaja mwaka.

Filamu za Vita Kuu ya Kwanza nazipitia haraka, kwa sababu ukishajua jambo moja umemaliza nusu ya kazi. Mjerumani wa 1914 alibeba Mauser ya mwaka 1898, ndefu, mita 1.25, na komeo lake limetoka ubavuni limenyooka kama kidole kinachokushutumu. Mjerumani wa Hitler alibeba ndugu yake mfupi wa mwaka 1935, mita 1.11, komeo limekunjwa kuelekea chini. Fupi zilibaki nyingi duniani, ndefu zikaadimika, basi si mara moja wala mbili utamwona mtu yuko ndani ya handaki la 1916 ameshika bunduki ya vita itakayokuja kumkuta mwanawe. Angalieni komeo, jamani. Ni sekunde moja tu.

Baada ya lile la Jawa nilifukuzwa sebuleni, nikahamia kibanda umiza. Huko nako nilikuta shida ya aina yake. Filamu za kibanda zina mtafsiri ambaye sauti yake imerekodiwa juu ya sauti za waigizaji, na kwa mtafsiri huyo duniani kuna silaha mbili tu: bastola, na SMG. Mtu anashika gumegume ya mwaka 1770, mtafsiri anasema, "Jamaa kachukua SMG yake, sasa mtaona moto." Gumegume inapiga risasi moja, inanyamaza, mwenye nayo anaanza kushindilia, na mtafsiri anasema, "SMG imekwama." Ukumbi mzima unasikitika pamoja naye. Nikajaribu kueleza. Nikaambiwa mzee kama hela yako unaitaka chukua shilingi zako utoke.

Mwenzangu nilimpata huko huko, mlinzi wa duka la jumla la mtaani kwetu, aliyekuwa amepita kutazama dakika chache kabla ya lindo lake, na shotigani begani. Siku hiyo walikuwa wameweka Zulu. Askari wa kwanza alipovuta wenzo wa Martini-Henry, mlinzi akaishusha silaha yake, akaitazama, akaitazama skrini, akaninong'oneza, "Mzee, hiyo si ndugu yake na hii yangu?" Nusura nimkumbatie. Ilikuwa Greener, kazi ya W. W. Greener wa Birmingham, aliyeuchukua mtambo ule ule wa Martini, wenzo chini, kizibo kinachoshuka, risasi moja moja, akautengenezea shotigani za polisi na walinzi wa makoloni. Mtambo wa mwaka 1871 unalinda unga na sukari mtaani kwetu mpaka leo, na hakuna aliyewahi kuuliza. Nikamuuliza mwenzangu kama silaha yake bado inapiga. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mzee, swali kama hilo huniulizi hadharani."

Nyumbani nilipomsimulia mke wangu, akasema watu wawili wenye kichaa kimoja hawafanyi kuwa hekima. Mke wangu huyu, naomba ieleweke, ni mtu ambaye hawezi kutazama filamu ya hapa nyumbani ya enzi za mkoloni bila kusimama. Juzi alimwona bibi mmoja wa mwaka 1950 anatwanga mahindi, nyusi zimechongwa, kucha za bandia, na kanga aliyojifunga ni toleo ambalo yeye mwenyewe alilinunua Kariakoo mwaka huu. "Hebu ona! Hata aibu hawana! Kanga hii si imejazana mjini?" Akaeleza jina la kanga, rangi zake mbili, duka, bei, na jinsi alivyopunguziwa. Watoto wakamsikiliza kwa heshima. Hakuna aliyemtungia sharti. Nikasema, polepole, kwamba kanga yake na bunduki yangu ni kesi moja. Akasema kanga inavaliwa na watu.

Sawa. Lakini bunduki nazo zilibebwa na watu, na wengine walikuwa watu wa hapa, na hapo ndipo kero yangu inapoacha kuwa mchezo. Kila kijana mwenye kamera ninayekutana naye ananiambia ana ndoto ya kutengeneza filamu kubwa ya Vita vya Tanga, au ya Maji Maji, au ya askari wa Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Wajerumani hapa kwetu. Vizuri sana. Namuuliza: askari wako atabeba nini? Ananijibu, "Bunduki ya Kijerumani, mzee, zile za zamani." Zile zipi? Ananitazama kama mke wangu anavyonitazama.

Sikiliza, kijana. Askari waliopelekwa na Wajerumani kuzima Maji Maji, kuanzia mwaka 1905, hawakubeba Mauser ya 1898 unayoijua kwenye filamu za Ulaya. Walibeba Mauser ya mwaka 1871: ya komeo, ndiyo, lakini haina magazini, inakula risasi moja nene ya milimita 11 kwa kila mpigo, na inatoa moshi wa baruti nyeusi. Wajerumani wa Ulaya walikuwa wameshaiacha zamani. Iliyochakaa kule ikaonekana inafaa huku. Vita Kuu ilipoanza Agosti 1914, kampuni nyingi za askari wa koloni hili zilikuwa bado na chombo hicho hicho. Kila askari akipiga, wingu jeupe linapanda juu ya kichaka alichojificha, na adui anajua pa kuelekeza bombomu lake. Sasa wewe unataka kunipigia picha ya askari mwenye 98 inayopiga risasi tano mfululizo bila hata harufu. Umemwondolea hatari yake yote. Umemfanya mtu wa kawaida.

Na mambo yaliyofuata ni ya bunduki tupu. Novemba 1914 Waingereza wanashuka Tanga na jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, dhidi ya watu kama 1,000. Wanashindwa, wanafukuzwa na risasi na nyuki, hilo la nyuki kila mtu analijua. Lisilosemwa sana ni kwamba walipokimbilia melini waliacha ufukweni bunduki mpya za kutosha kuzipa silaha kampuni tatu nzima, pamoja na risasi 600,000. Kwa hiyo katika filamu yako, baada ya Tanga, baadhi ya askari wa Mjerumani lazima waonekane na bunduki za Mwingereza. Aprili 1915 meli ya Rubens inapenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, imejificha chini ya bendera ya Denmark. Manowari ya Kiingereza inaipiga mpaka inaungua, lakini shehena inaokolewa majini, na ndani yake zimo Mauser za 98 zile unazozitaka. Risasi zimelowa maji ya bahari. Zikafunguliwa moja moja, baruti ikakaushwa, zikafungwa upya. Niambie ni mwandishi gani wa filamu angekaa chini akabuni kitu kama hicho: safu ya watu wamekaa kivulini, wanafungua risasi na kuanika baruti.

Halafu Novemba 1917 wanavuka Ruvuma, wanaipiga kambi ya Wareno pale Ngomano, wanabeba bunduki za Kireno, na Mauser kongwe za 1871 zinatupwa hatimaye. Kila silaha wanayobeba ni ya mtu mwingine. Ukiwapanga askari wa Lettow-Vorbeck mbele ya kamera, wa 1914, wa 1915 na wa 1918, ukawavisha sare ile ile, mimi nitakuambia ni mwaka gani bila kuonyeshwa tarehe, kwa kutazama tu wanachobeba. Wewe unayetaka kuwapa wote bunduki moja kutoka kwa mwenye ghala, umetupa hadithi nzima na kubaki na kofia.

Kijana mmoja alinijibu kwamba bajeti haitoshi. Hilo naliheshimu; hata sebuleni kwangu bajeti haitoshi. Lakini kuna mambo hayana gharama. Moshi hauna gharama kubwa, na ni wa lazima. Kipande cha mti kilichochongwa vizuri kikapakwa rangi, mkononi mwa askari aliye mbali na kamera, nitakisamehe. Fundi seremala wa mtaani akipewa picha sahihi anaweza kutengeneza Mauser ya 1871 ya mbao ambayo hata mimi sitaitambua kutoka hatua 20. Asipewe picha ya kuokota popote tu, maana atakuletea AK-47 ya mninga, na hiyo nimeshaiona, kwenye igizo la Maji Maji, mwenye nayo kavaa kofia ya Kijerumani yenye kitambaa kisogoni, na watu wakapiga makofi.

Kwa hiyo nawaomba nyote mnaotaka kuandaa filamu hizo, na nawaomba kabla hamjaenda kukodi chochote. Wa Maji Maji, mpeni askari wa serikali Mauser ya 1871 na moshi wake, na mpeni mpiganaji wa Kingoni au wa Kimatumbi gobore lake na mkuki wake, msimwongezee wala msimpunguzie. Wa Tanga, hivyo hivyo, halafu mwacheni aokote ya Mwingereza ufukweni mbele ya macho yetu. Na yule atakayefika mpaka mwisho wa vita, mpaka Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, siku Lettow-Vorbeck alipokabidhi silaha kwa Waingereza, asikilize vizuri: siku ile zilikabidhiwa bunduki 1,071, na zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Ukimweka hapo askari na Mauser ya Kijerumani begani, mimi nitakuwa ukumbini, na sharti la mke wangu haliwi na nguvu nje ya nyumba yetu.